Maji Hayapozi Kompyuta Yako, Upepo Ndio Unaopoza

Leo naweka kando habari za kuandika programu. Nina deni la kulipa, na deni lenyewe ni la ushauri mbaya niliompa mtu wa kwetu.

Mwaka 2024 binamu yangu wa Mombasa, kijana anayepiga na kuhariri video za harusi, alinipigia simu. "Kaka, mashine yangu inachemka. Ninunue nini?" Mimi huku Nairobi, nimekaa kwa raha na sweta langu, nikamjibu bila hata kuuliza swali moja: "Nunua kipozeo cha maji, mdogo wangu. Chukua kile kikubwa cha feni 3, umalize mambo."

Akanunua. Shilingi 22,000 zikaondoka, pesa ya harusi nzima. Akanunua na kasha jipya la kioo mbele na kioo ubavuni, maana maji na taa bila kioo ni kama kuvaa suti gizani. Akanitumia picha, nami nikamsifu.

Wiki mbili baadaye akapiga tena. Ilikuwa Alhamisi usiku na wenyewe wa harusi walikuwa wanataka video yao Jumamosi. Mashine ilikuwa inafika robo tatu ya kazi, inapunguza mwendo hadi inatambaa, halafu inazima. Prosesa ilikuwa inasoma nyuzi 97. Kabla ya kununua kipozeo ilikuwa inasoma 95!

Nilimwambia afungue ubavu wa kasha na aelekeze ndani feni ya mezani, ile ya kawaida ambayo bibi huwasha wakati wa kulala mchana. Baada ya dakika 20 prosesa ilikuwa imeshuka hadi 83, na video ikatoka kabla ya adhuhuri siku ya Ijumaa.

Hebu tafakari hapo. Kipozeo cha shilingi 22,000 kimeshindwa, feni ya mezani imeokoa kazi. Hakuna kilichoharibika kwenye kipozeo. Pampu ilikuwa inafanya kazi, maji yalikuwa yanazunguka. Aliyekosea ni mimi, kwa sababu nilimuuzia kijana wa watu fikra kwamba maji ndiyo yanayoondoa joto kwenye kompyuta. Hayaondoi.

MAJI NI MATATU TU, ABIRIA NI JOTO

Kila mtu aliyewahi kupanda barabara ya Mai Mahiu kutoka bondeni ameona lori limesimama kando, boneti wazi, mvuke unafuka na utingo anakimbia na mtungi wa maji. Dereva mgeni atajaza maji na kuondoka, kisha atasimama tena kona ya tatu. Dereva mzoefu ataangalia kwanza mkanda wa feni na uso wa rejeta. Anajua kwamba maji kazi yake ni kubeba joto kutoka kwenye injini hadi kwenye rejeta. Kutoka pale kwenda nje ya gari, mbebaji ni upepo.

Kompyuta ni vivyo hivyo. Maji yanachukua joto juu ya prosesa, yanapita kwenye bomba na kufika kwenye rejeta. Pale matatu imefika steji ya mwisho. Kama hakuna upepo wa kuwapokea abiria, wanabaki ndani na safari inarudi na walewale.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua maji robo lita, yaliyo nyuzi 30, na prosesa inayotoa wati 150. Ukizima feni zote, na tuseme hakuna joto linalotoroka popote, maji hayo yatapanda nyuzi moja kila sekunde 7. Kwa dakika 8 hivi yamefika kiwango cha kuchemka. Umejitengenezea birika ghali sana la chai.

Kwa hiyo maji yanakupa muda tu. Yanameza joto la ghafla, na yanalihamisha kutoka mahali padogo hadi kwenye rejeta pana ambapo upepo unaweza kulikamata. Hiyo ni faida ya kweli, siikatai. Lakini deni la joto linalipwa na hewa, na hewa yenyewe lazima iwe na mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea.

Wakubwa walilijua hili zamani. Mwaka 2003 Apple walitoa Power Mac G5 yenye feni 9, na ndani ya kasha wakagawanya maeneo 4 ya joto, kila eneo na njia yake ya upepo. Mwaka 2004 walipoongeza maji kwenye ile yenye prosesa mbili za gigahezi 2.5, maji yaliingia kwenye kasha ambalo njia zake za upepo zilikuwa tayari zimepangwa. Sisi tunafanya kinyume. Tunanunua maji kwanza, halafu feni ni zile zilizokuja na kasha, zikielekea popote zilipoelekea.

KASHA LA BINAMU LILIKUWA NA TATIZO GANI?

Nilipoteremka Mombasa kwa likizo nilikwenda kuiona hiyo mashine. Rejeta ilikuwa juu, feni zake 3 zinatoa hewa nje. Nyuma palikuwa na feni moja, nayo inatoa nje. Mbele ni kioo kitupu.

Hesabu mwenyewe: zinazotoa ni 4, zinazoingiza ni 0.

Sasa hewa ya kuingia itatoka wapi? Inavutwa kupitia nyufa: pembeni mwa plagi, kwenye matundu ya nyuma, kwenye kila upenyo usio na chujio. Na inakuja na vumbi lake. Wakati huo huo kadi ya michoro, ambayo inapozwa kwa hewa na inakula wati 170 ikiwa kazini, imekaa chini inatema joto lake lote ndani ya kasha. Joto hilo linapanda juu, na huko juu ndiko rejeta iliko. Yaani prosesa ilikuwa inapozwa na hewa iliyokwisha kupikwa na kadi ya michoro. Chumba nyuzi 32, ndani ya kasha nyuzi 48. Utapoza nini kwa hewa ya nyuzi 48?

Hapa kuna kanuni moja ambayo hakuna tangazo la dukani litakwambia. Rejeta haiwezi kushusha maji chini ya joto la hewa inayopita ndani yake. Haiwezi, hata iwe na feni 10. Kila nyuzi unayoiongeza kwenye hewa ya kasha inapanda hadi kwenye maji, na kutoka kwenye maji hadi kwenye prosesa.

Kuna jambo la pili ambalo watu husahau. Kipozeo cha hewa kina feni iliyo palepale karibu na prosesa, na upepo wake unapuliza pia zile saketi za umeme zinazoilisha prosesa, kumbukumbu ya RAM na diski ya SSD iliyolazwa kwenye bodi mama. Ukiweka kipozeo cha maji umeondoa ile feni. Prosesa imehamishiwa hoteli yenye upepo mwanana, majirani zake wameachwa juani. Kama hukuwapangia upepo wao, watachemka, na saketi za umeme zikichemka mashine itapunguza mwendo hata kama prosesa yenyewe iko sawa.

NAIROBI NA MOMBASA SI SAWA

Wengi wetu tunasoma ushauri ulioandikwa na watu wa Marekani au Ujerumani, wenye chumba cha nyuzi 20. Sisi tuna mambo yetu.

Mombasa hewa ni ya moto, hasa kuanzia Januari hadi Machi, na ina chumvi. Nairobi hewa ni ya baridi, lakini tuko mita 1,700 hivi juu ya bahari, na huku hewa ni nyepesi kwa karibu moja ya tano. Feni inahesabu ujazo, haihesabu uzito. Inazunguka vilevile lakini inasukuma hewa pungufu, na joto hubebwa na uzito wa hewa.

Mfano: unataka kutoa wati 400 kutoka kwenye kasha, na unakubali hewa ipande nyuzi 10 tu kati ya kuingia na kutoka. Mombasa utahitaji kama mita za ujazo 120 za hewa kwa saa. Nairobi utahitaji karibu 150. (Kama boksi la feni limeandika futi za ujazo kwa dakika, zidisha kwa 1.7 upate mita za ujazo kwa saa.)

Kwa hiyo mtu wa Nairobi asijidai kwamba baridi inamtosha. Anahitaji hewa nyingi zaidi kidogo. Mtu wa Mombasa anahitaji ile hewa yake, ambayo tayari ni ya moto, isipate joto lingine njiani kabla ya kufika kwenye rejeta.

Na namba iliyo kwenye boksi la feni usiiamini moja kwa moja. Ilipimwa feni ikiwa haijazibwa na kitu. Ukiibandika kwenye rejeta, ukaweka na chujio mbele yake, hewa inayopita inapungua sana. Ndiyo maana kuna feni za kusukuma kwa nguvu, zenye mapanga mapana, ambazo kazi yake ni rejeta, na kuna feni za kupitisha hewa nyingi mahali pa wazi, ambazo kazi yake ni kasha. Ukienda Luthuli Avenue usiseme tu "nipe feni." Sema inakwenda wapi.

CHORA KABLA YA KUNUNUA

Msimamo wangu ni huu: usinunue kipozeo cha maji kabla hujachora njia ya upepo kwenye karatasi. Chora mstatili, huo ndio kasha. Weka mishale ya hewa inapoingia na inapotoka. Kama huwezi kuuchora mshale mmoja kutoka nje, ukapita kwenye kadi ya michoro, ukapita kwenye rejeta, ukatoka nje, basi weka pesa mfukoni. Haya ndiyo ninayoyafuata siku hizi:

1. Amua nani ndiye mpishi mkubwa wa joto. Kama kazi yako ni michezo au video, mara nyingi kadi ya michoro ndiyo inayotoa joto jingi. Weka rejeta juu, itoe nje, na uingize hewa baridi kwa mbele au chini ili kadi ipate ya kwanza. Kama kazi yako ni kama yangu, kukompaili programu kutwa na kadi ya michoro haina kazi, weka rejeta mbele iingize hewa mbichi moja kwa moja, kisha nyuma na juu pawe pa kutolea.

2. Feni zinazoingiza ziwe nyingi kidogo kuliko zinazotoa, na zote zinazoingiza ziwe na chujio. Kasha likishiba hewa, hewa inatoka kupitia nyufa. Likiwa na njaa, nyufa zinavuta vumbi. Kwa mtu anayeishi kando ya barabara ya vumbi, na wengi wetu ndiko tuliko, hii peke yake inaongeza umri wa mashine.

3. Jua feni inaelekea wapi. Upepo unatokea upande ule wenye mikono ya plastiki inayoshikilia mota. Usicheke, nimeona mashine ya mtu mzima aliyesoma, feni mbili zinapulizana uso kwa uso.

4. Pampu isiwe juu kuliko kila kitu. Kila kipozeo kilichofungwa kina hewa kidogo ndani, na hewa hupanda juu. Pampu ikiwa ndiyo kilele, itameza hewa, itakoroma na kufa mapema. Hakikisha sehemu ya juu ya rejeta iko juu kuliko pampu.

5. Usiache feni za rejeta zikimbizane na joto la prosesa. Prosesa inaweza kuruka nyuzi 20 kwa sekunde moja, lakini maji hupanda polepole. Ukiziacha zifuate prosesa zitapanda na kushuka kama pikipiki ya mwanafunzi. Kama mfumo wako unasoma joto la maji, zifuate hilo. Kama hausomi, weka zichelewe sekunde kadhaa kabla ya kubadilisha mwendo.

6. Acha nafasi. Kasha lililosukumwa ukutani, au lililowekwa juu ya zulia wakati linavuta hewa kwa chini, limezibwa pua.

TULIVYOREKEBISHA

Kwa binamu hatukununua kipozeo kingine. Kasha lake lina nafasi ya feni 3 chini, kwa hiyo tulinunua feni 3 za milimita 120 na tukaziweka pale, zinaingiza hewa moja kwa moja kwenye kadi ya michoro. Ile ya nyuma tukaigeuza iingize pia, tukaifunika kwa chujio la wavu, ili saketi za umeme zilizo karibu na prosesa zipate upepo wake. Rejeta ya juu ikabaki inatoa. Sasa ni 4 zinazoingiza na 3 zinazotoa. Kasha tukaliinua kwa vipande viwili vya mbao, na meza tukaivuta shibiri moja kutoka ukutani.

Kisha tukafanya jaribio la Kimombasa: tukawasha udi. Pitisha moshi polepole mbele ya kila upenyo uone unakwenda wapi. Mwanzoni moshi wa juu ya kasha ulikuwa unajikunja na kurudi ndani kupitia nyuma. Ndipo tulipojua meza ilitakiwa kuvutwa. Mama yake akauliza mgeni gani anakuja hadi kompyuta inafukizwa.

Kazi ileile ya video, chumba kilekile, prosesa ilikaa kwenye 79. Gharama ya feni na chujio haikufika hata robo ya bei ya kipozeo.

"LAKINI YANGU NI YA MAJI NA IKO BARIDI"

Vizuri, hongera. Kuna mahali ambapo maji yana haki yake. Prosesa kama Core i9-13900K inaruhusiwa kula hadi wati 253 ikiwa kazini kwa nguvu zote, na kutoa joto hilo kwenye kipande kidogo cha silikoni kunahitaji rejeta kubwa. Mtu mwenye mashine hiyo na kazi ya kuistahili, anunue maji na moyo wake utulie.

Lakini wengi wanaoniuliza wana prosesa kama Ryzen 5 5600, ambayo imekadiriwa wati 65. Kwa hiyo, kipozeo cha hewa cha kawaida na feni 3 zilizopangwa vizuri zinatosha na kubaki. Hakina pampu ya kufa wala bomba la kuvuja, na kikiharibika unabadilisha feni tu. Ukimwambia mtu huyo anunue maji unamwambia atumie pesa ya diski ya SSD au ya RAM kununua taa.

Na kabla hujanunua chochote, fanya jaribio hili la bure. Iendeshe mashine kwa kazi nzito nusu saa, si dakika 5, kwa sababu maji yanachelewa kusema ukweli. Andika joto. Fungua ubavu wa kasha, rudia nusu saa nyingine. Kama joto limeshuka zaidi ya nyuzi 5 hivi, tatizo lako ni kasha lililokosa hewa, na hakuna maji yatakayolitibu. Kama halijashuka, basi hapo ndipo uanze kufikiria kipozeo.

Na usafishe. Pwani kila mwezi, bara kila miezi 2 au 3. Piga brashi machujio na mapezi ya rejeta. Ukitumia kipulizia, shika mapanga ya feni kwa kidole yasizunguke ovyo, maana unaweza kuharibu beringi zake.

Binamu yangu hanidai tena, ingawa kila nikimpa ushauri siku hizi hunijibu, "Umechora kwanza, kaka?" Nami nimekubali. Wewe uliyekuwa njiani kwenda dukani leo na shilingi 22,000 mkononi, kaa chini kwanza dakika 10 na karatasi na kalamu. Upepo wako unaingilia wapi, na unatokea wapi?